Mikrosekunde Mbili za Taveta

Nilipokabidhi funguo za stoo yetu ya Voi, wenzangu wa kitengo cha mitambo waliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu kazini. Nadhani walitarajia maneno ya kutia moyo. Sina mengi ya hayo. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na kazi moja ya kupima saa ambayo ilinishinda mara ya kwanza, na mara ya pili ikaniaibisha. Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye faili yangu ofisini, kama panya hawajaimaliza.

Jina langu ni Wakesho. Nilizaliwa Mbololo, kwenye shamba la mahindi na pojo, na kwetu mtu aliyeajiriwa alikuwa mwalimu, muuguzi au karani. Niliposema nimepata kazi kampuni ya simu, mama aliuliza kama nitakuwa nikipokea simu za watu. Nikamwambia nitakuwa nikizitengeneza. Akauliza kama nitapanda nguzo na sketi. Siku iliyofuata alikata kitambaa akanishonea suruali. Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yake.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Athmani, mzee wa Pwani aliyehamia Voi kikazi na hakuhama tena. Alivaa shati jeupe kila siku, hata siku za kuchimba, na sikuwahi kuliona na doa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na changu cha milimani kilimkera kuliko waya uliokatika. Alinisahihisha hata nikiwa juu ya nguzo. "Si kebo ile kimekatika, mwanangu. Imekatika. Haya, endelea."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika vibandiko. Wiki nzima niliandika kila jozi ya waya inatoka wapi, inakwenda wapi, nani ameiunga, nikafunga kibandiko kwa uzi. Athmani alipita nyuma yangu akivuta kimoja kimoja. Kilichong'oka alikiweka mezani kwangu. Nilimchukia kwa siku tano. Siku ya sita mvua ilinyesha, laini za mjini zikafa, na mimi nikazipata zilizoharibika kwa dakika chache kwa kusoma tu vibandiko vyangu. Chuki ikaisha.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu vipimo. Kulikuwa na chombo kilichojikagua chenyewe na kuwasha taa ya kijani. Niliandika kwenye fomu kwamba kiko sawa. Athmani aliisoma fomu, akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha taa. "Hiyo imejipima yenyewe," alisema. "Sasa wewe nenda ukaipime." Nilikwenda, na taa ya kijani ilikuwa ikisema uongo.

Miaka ikapita, waya wa shaba ukaondoka, faiba ikaja. Faiba ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na ujumbe hupita ndani yake kwa mwanga. Tulijifunza kuukata sawasawa na kuuyeyusha ncha kwa ncha ndani ya mashine ndogo ambayo haikupenda vumbi. Kuniletea mashine isiyopenda vumbi, halafu kunituma Maktau kwenye vumbi tupu, ni uamuzi ambao mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza. Tulikuwa tukifanyia kazi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, tukitoka jasho kama tumetumbukizwa mtoni.

Huko Maktau ndiko greda la watengeneza barabara lilipokata kebo ya kwenda Taveta. Siku tatu mji mzima wa Taveta ulikaa bila mawasiliano. Wafanyabiashara wa ndizi walivuka mpaka kwenda Holili kupiga simu kwa laini za Tanzania. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa matengenezo. Tuliziunga nyuzi karibu zote, lakini mmoja ulikataa, ule wa kupeleka ujumbe kutoka Voi kwenda Taveta. Ulikuwa umevunjika kwa ndani zaidi ya mahali pamoja. Ili watu wapate simu, niliazima uzi mmoja kutoka kebo ya zamani ya faiba iliyopita karibu hapo, nikaunga, na Taveta ikarudi hewani mchana huohuo. Kwenye kisanduku cha kiungo nilifunga kibandiko: "Ya muda. Wakesho."

Athmani, aliyekuwa amestaafu tayari, alinipigia kunipongeza. Nilipomweleza nilivyounga, akauliza hicho kiungo cha muda nitakirudia lini. Nikamwambia Jumatatu. Jumatatu nilitumwa Mwatate, Jumatatu ya pili kukawa na ukaguzi, na baada ya hapo nikasahau kwamba kuna kitu nilichosahau. Simu zilipita vizuri. Hakuna aliyelalamika kwa miaka. Athmani aliaga dunia bila kuniuliza tena.

Sasa nifike kwenye saa. Kampuni ilileta mitambo mipya ya minara, ile ambayo watu huita busta. Mnara wa aina hiyo husema na kusikiliza kwenye mawimbi yaleyale, kwa zamu: kidogo unatuma, kidogo unapokea, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Minara iliyo jirani lazima ipokezane zamu kwa pamoja. Mmoja ukichelewa, utakuwa unapiga kelele wakati mwenzake anasikiliza, na simu ya mtu aliye katikati itakatika. Uchelewaji unaovumilika ni mikrosekunde moja na nusu. Mikrosekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande milioni. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza nilidhani mwandishi amekosea.

Mnara wa Salaita, jirani wa ule wa Taveta, ulipata saa moja kwa moja kutoka satelaiti. Wa Taveta mjini ulikuwa juu ya jumba la watu, na mwenye jumba alijenga ghorofa nyingine jirani ikaziba anga, kwa hiyo saa yake ilitumwa kwa faiba kutoka saa kuu ya Voi. Inavyofanyika ni hivi. Voi inatuma ujumbe wenye mhuri wa saa ulipoondoka. Taveta inapiga mhuri wake ujumbe unapofika, inatuma wa kwake wenye mhuri kurudi, na Voi inapiga mhuri tena ukifika na kuirudishia Taveta jibu. Kwa mihuri hiyo minne Taveta inajua safari ya kwenda na kurudi imechukua muda gani, inagawanya kwa mbili, na kujirekebisha. Mitambo ya zamani ilipiga mhuri ndani, kwenye programu, ujumbe ukiwa bado unasubiri foleni ya kutoka, kwa hiyo mhuri uliyumba kulingana na foleni. Mitambo mipya ina kadi inayopiga mhuri mlangoni kabisa, ujumbe unapokanyaga waya. Huo ni mhuri mzuri. Tuliusifu sana kwenye mikutano.

Fundi aliyesimamia mnara wa Taveta alikuwa Ochieng'. Baba yake alikuja Voi kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, Ochieng' akazaliwa hapo kwenye nyumba za reli, akaoa Taveta na kulea watoto wake watatu huko. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwandiko mzuri. Kila wiki alituma jedwali la vipimo: kosa la saa ya Taveta ni nanosekunde nane, kumi na moja, tisa. Nanosekunde ni mikrosekunde iliyokatwa vipande elfu moja. Yaani saa yake ilikuwa safi kabisa.

Lakini simu zilikatika. Zilikatika hasa kati ya Taveta na Salaita, mahali minara hiyo miwili inapokutana. Aliyelalamika zaidi alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo ya upande huo, Sista Mghoi. Aliniambia kwamba akitaka kuita ambulensi hutoka nje na kupanda kifusi cha mchanga nyuma ya jengo. Siku moja alikuwa na mama aliyekwama kwenye uchungu. Simu ilikatika mara tatu akiwa juu ya kifusi, na akalazimika kumtuma mtu wa bodaboda hadi Taveta na karatasi mkononi. Mama na mtoto walipona. "Lakini nilimwacha peke yake mara tatu nikatoka nje," aliniambia. "Hilo usiniambie ni mambo ya mtandao."

Ofisi ya Voi iliongozwa na Injinia Kilonzo. Hakuwa mtu mbaya. Aliulizwa maswali na wakubwa wake kila siku, na alihitaji jibu. Jibu alilopata ni hili: jedwali linasema saa ni safi, simu zinakatika, kwa hiyo jedwali ni la uongo. Alisema Ochieng' hakuwasha mhuri wa mlangoni kama alivyoagizwa, ameacha ule wa ndani, na namba anazibuni akiwa nyumbani. Miezi mitano Ochieng' aliitwa Voi mara kwa mara kujieleza, na kila mara alisema kitu kimoja, kwamba namba ni za mtambo wenyewe. Mwishowe Injinia akaandaa barua ya kutoongeza kandarasi yake. Ilihitaji sahihi ya fundi mwandamizi kuthibitisha kwamba vipimo vilighushiwa. Fundi huyo nilikuwa mimi, na nilibakiza miezi minane kustaafu.

Niseme ukweli kwamba hata mimi nilimshuku. Namba zake zilikuwa nzuri mno. Lakini nilimwambia Injinia siwezi kutia sahihi kitu ambacho sijakipima. Alisema mtambo wa Taveta unajipima wenyewe. Nikamwambia ndiyo sababu.

Ili kuipima saa unahitaji saa nyingine isiyoitegemea. Makao makuu walikuwa na saa ya kubebwa, sanduku zito lenye mpini kila upande. Unaiunganisha na saa kuu kwa siku nzima mpaka zikubaliane, halafu unaichomoa na kusafiri nayo, nayo inaendelea kushika wakati yenyewe kwa saa kadhaa. Ukifika unaweka mapigo yake na mapigo ya mtambo kwenye kaunta, mashine inayoyalinganisha, nayo inakuambia nani kachelewa na kwa kiasi gani. Kisha unarudi ulikotoka na kuipima tena saa yako, kujua nayo imepotea kiasi gani njiani. Hatua hii ya mwisho watu huiruka kwa sababu wamechoka. Ukiiruka umefanya matembezi tu.

Niliazima sanduku hilo kwa wiki moja. Nikaliweka kiti cha mbele, nikalifunga mkanda, nikaliunganisha na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa gari kuwa wa nyumbani, na kuondoka Voi asubuhi. Nilipita Mwatate, nikapita Bura, roho imetulia. Karibu na Maktau tembo walikuwa barabarani na nikasubiri. Wakati nasubiri nikaona simu yangu inaisha chaji. Nikaichomeka kwenye inveta ileile. Inveta ikalia mara moja na kuzima. Nilipoiwasha tena, saa ilikuwa imepoteza kila kitu na inaniuliza ni mwaka gani.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Niligeuza gari, nikarudi Voi, nikaiunganisha upya na saa kuu, na kumwambia Injinia nitakwenda tena keshokutwa. Alisema pengine hiyo ni ishara niachane nayo. Nikamwambia ni ishara ya kununua betri. Nilichukua betri kubwa ya akiba kutoka stoo, nikaifunga kwa sanduku hilo peke yake, na simu nikaiacha izime.

Safari ya pili nilifika. Ochieng' alinifungulia chumba cha mitambo, akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo, Madam," kisha akasimama pembeni mikono nyuma kama mtu anayesubiri hukumu. Nilianza na kadi ya mtandao. Mhuri wa mlangoni ulikuwa umewashwa. Nikaangalia kumbukumbu za mtambo: ulikuwa umewashwa tangu siku ya kwanza. Kwenye skrini kosa lilisomeka nanosekunde tisa, namba ileile ya jedwali lake. Hakubuni chochote. Nilimwambia hivyo hapohapo, kwa sababu mtu aliyesubiri miezi mitano hafai kusubiri hadi nimalize chai.

Alikwenda kuleta nyaya za kupimia. Kisha tukaunganisha kaunta.

Kaunta ilisoma kwamba Taveta imechelewa kwa nanosekunde elfu mbili na mia moja. Yaani mikrosekunde mbili na zaidi kidogo. Mtambo uliojiona safi ulikuwa nje ya kiwango kabisa. Sikuamini. Tulibadilisha nyaya za kupimia, kushoto kuwa kulia. Namba haikubadilika. Tukabadilisha tundu la kutokea mapigo. Ileile. Ochieng' akapendekeza tuujaze mtandao kwa data, tuutulize, tuujaze tena, kwa sababu kama mhuri unapigwa mahali pabaya, kosa lingeyumba kulingana na msongamano. Tulifanya hivyo kwa saa nzima. Halikuyumba. Lilikaa palepale kama limepigwa msumari.

Kosa lisiloyumba halitokani na foleni wala programu. Linatokana na urefu. Taveta inagawanya safari kwa mbili kwa kuamini kwamba njia ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Kama moja ni ndefu kuliko nyingine, mihuri yote inaweza kuwa kamili na jibu likawa bovu, na hakuna skrini itakayokuambia, kwa sababu skrini inaamini hivyohivyo. Kosa la mikrosekunde mbili nukta moja lina maana kwamba tofauti ya njia ni mara mbili yake, nne nukta mbili. Na mwanga ndani ya faiba huenda kama mita mia mbili kwa mikrosekunde. Nilipiga hesabu nyuma ya fomu. Mita mia nane na arobaini.

"Mahali fulani kati ya hapa na Voi," nilimwambia Ochieng', "uzi wa kuja huku ni mrefu kuliko wa kurudi kwa mita mia nane na arobaini."

Aliuliza itawezekanaje, nyuzi zote ziko ndani ya kebo moja. Nilifungua mdomo kumjibu, nikakumbuka. Kebo ya zamani ya Maktau haikufuata barabara mpya kama hii ya sasa. Ilifuata ile ya vumbi, iliyozunguka kilima.

Niliweka kalamu chini. Aliniuliza kama naumwa.

"Ochieng'," nikasema, "ni kiungo changu."

"Kipi, Madam?"

"Cha Maktau, siku ile ya greda. Niliazima uzi mmoja kutoka kebo ya zamani. Nilisema nitaurudia. Sikuurudia."

Aliitazama ile hesabu, akanitazama mimi. "Miezi mitano," alisema. Alitoka akasimama kwenye ngazi za nje, na mimi sikumfuata. Nilifunga vifaa, nikaandika vipimo vyote kwa wino, na kurudi Voi kuikagua saa. Ilikuwa imepotea nanosekunde mia moja na arobaini kwa safari nzima, kiasi kidogo kisichoweza kueleza kosa la elfu mbili. Nakiri kwamba njiani nilitamani iwe imepotea zaidi.

Kesho yake tulikutana Maktau, mimi nikitokea Voi na yeye Taveta. Tulifunua shimo la kebo, tukatoa mchanga na siafu, tukakifungua kisanduku. Kibandiko kilikuwepo. Uzi uliokifunga ulikuwa imara bado. Athmani angekivuta asiking'oe. Ochieng' alikisoma kwa sauti, "Ya muda. Wakesho," bila kucheka wala kukasirika, kama anavyosoma mita. Kazi ya kuvuta uzi mpya ilituchukua siku mbili, kwa sababu ule wa awali ulibidi ubadilishwe kipande kizima. Tulifanya kazi pamoja na tuliongea kuhusu kazi tu.

Tulipomaliza, nilisafiri na saa kwa mara ya tatu. Watu wa Mwatate walianza kunipungia mkono. Taveta ilisoma nanosekunde hamsini za kuchelewa, na sehemu ya hizo ilikuwa ya saa yangu mwenyewe. Nilimpigia Sista Mghoi nikamwomba ajaribu. Alinipigia baadaye, tukaongea kwa muda mrefu, na katikati ya maongezi aliniambia yuko ndani, amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, na amevua viatu.

Ripoti niliiandika kurasa mbili. Nikaeleza kiungo, tarehe, sababu, na jina la aliyekiunga. Injinia Kilonzo aliisoma mara mbili, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba nimebakiza miezi michache, kwamba kazi ile ya Maktau ilikuwa ya dharura na wakati ule ilikuwa sahihi, na hakuna haja ya jina langu kuwemo.

"Andika tu kiungo cha zamani," alisema. "Nani atauliza ni cha nani?"

"Ochieng' aliulizwa," nikamjibu.

Hakubishana. Ripoti ilikwenda kama nilivyoiandika. Nilipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho kwangu, na iko kwenye faili ileile kama mnataka kuiona. Barua ya Ochieng' ilichanwa na kandarasi yake ikaongezwa. Injinia alisafiri mwenyewe hadi Taveta kumwomba radhi, na hilo nalihesabu upande wake.

Mimi pia nilimwomba radhi Ochieng', pale Maktau, siku ya pili ya kazi. Alisema, "Sawa, Madam," na ilikuwa sawa ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Sikumlaumu. Nilimaliza miezi iliyobaki nikifanya jambo moja: nilipitia mafaili na mashimo yote ya kebo, kutoka Voi hadi Taveta, nikitafuta kila kiungo kilichoandikwa "ya muda". Nilivipata vinne zaidi. Viwili vilikuwa vyangu. Vyote vimerekebishwa, na urefu wa kila uzi umepimwa kwenda na kurudi na kuandikwa. Orodha iko kwenye kabati la kijani. Msiiamini, nendeni mkapime wenyewe.

Wiki yangu ya mwisho niliazima tena lile sanduku la saa, nikaenda Taveta kufanya kipimo cha kawaida na kumwachia Ochieng' kazi hiyo, kwa maana nilimpendekeza yeye na wakakubali. Alipima mwenyewe mimi nikitazama. Alibadilisha nyaya bila kuambiwa. Alijaza mtandao, akautuliza. Alisema akifika Voi ataikagua saa kabla ya kula. Sikuwa na la kumfundisha.

Tulipokuwa tunalifunga lile sanduku, alisimama.

"Madam, nikuulize kitu. Kama ungejua tangu mwanzo kwamba kiungo ni chako, ungekuja na hii saa?"

Nilitaka kumjibu upesi kwamba bila shaka ningekuja. Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Lakini alikuwa mtu ambaye namba zake zilikuwa za kweli kwa miezi mitano bila kuaminiwa na yeyote, mimi nikiwemo, na nikaona siwezi kumpa namba ya kubuni.

"Ningechelewa," nikamwambia. "Pengine wiki moja, nikitafuta sababu ya kutokuja. Lakini ningekuja."

Nje pikipiki zilikuwa zikishuka na mikungu ya ndizi kuelekea sokoni.

"Wiki moja naweza kuisamehe," alisema. Akainama, akashika mpini wa upande wake, nami wa kwangu, tukalibeba sanduku hadi kwenye gari.